Pale Njia Zinapopinda

Alyaa alikuwa na furaha ya mtoto aliyeshonewa nguo ya sikukuu. Wiki tatu nzima alikuwa akivizunguka vichochoro vya Hellat Sidri, kijiji kidogo cha mitende ukitoka Ibra kuelekea Sinaw, kofia juu ya mtandio, kipimio mkononi, na kila kichochoro alichokimaliza kilipata namba, jina na mstari wake kwenye ramani. Ndiyo kazi yake ya kwanza tangu atoke chuoni Nizwa. Wenzake walioajiriwa maofisini walikuwa wakipigwa na kipupwe, yeye akipigwa na jua, na usingembadilisha nao hata kwa dawa.

Kijiji hakijapata kuwa na ramani kamili. Gari la wagonjwa likiitwa, dereva alikuwa akielekezwa apite nyumba ya marehemu fulani, akate kushoto palipokuwa na mtende ulioanguka mwaka wa mafuriko. Sasa kila njia itaandikwa, na kila kitu cha watu wote pia: msikiti, zahanati, skuli, maduka, na sabla, yaani ukumbi wa wanaume wa kijiji. Ramani ilikuwa ipigwe muhuri Alhamisi, na baada ya hapo kitakachokuwemo kimo, kisichokuwemo hakipo.

Jumanne adhuhuri yeye na wapimaji wenzake walipata nakala ya kwanza ya karatasi, kubwa kama shuka ya kitanda. Alyaa hakuweza kungoja. Aliikunja akakimbia nayo kwa bibi yake, mama wa baba yake, ambaye kwake ndiko alikokuwa akilala siku zote za kazi ile.

Bi Fakhriya alizaliwa Malindi, Unguja. Mumewe alimleta kijijini hapa mwaka sabini na mbili, msichana wa miaka ishirini na mbili asiyejua Kiarabu ila cha kusalia. Miaka yote hiyo imepita na Kiswahili chake hakijachuja.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Jua limekutenda, ushakuwa mkate wa mofa. Nini hiyo?"

Alyaa aliitandika karatasi mkekani, akazikandamiza pembe kwa vikombe vya kahawa na bakuli la halua. Bibi akavaa miwani, akainama. Njia za mitaa hazikumshughulisha. Yeye aliutafuta mstari wa buluu, falaji, ule mfereji unaoteremsha maji kutoka mlimani na kuyapitisha kijiji kizima kabla ya kuyamwaga mashambani. Akaufuata kwa kidole.

"Hapa ndipo yanapoingia, ya kunywa. Ahsante. Hapa msikitini. Hapa wanapokoga wanaume. Hapa..." Kidole kilisimama, kikarudi nyuma, kikaenda tena. "Hapa wanapooshewa maiti. Sasa sie tupo wapi?"

Alyaa aliinama naye. Baina ya pale wanapooga wanaume na pale wanapooshewa maiti palikuwa peupe pe. Juu ya weupe ule palichapwa maneno madogo: eneo wazi, maegesho ya magari, nafasi arubaini.

"Maiti wamo, wanawake hawamo," alisema Bibi. "Nani aliyechora hii?"

"Sisi, Bibi," alisema Alyaa, na uso ukamwaka moto kuliko jua la wiki tatu.

Kwa sababu pale palikuwa na majaza ya wanawake, mahali pao pa kukoga na kufulia. Kuta tatu za udongo zilizojengwa juu ya falaji, pazia mlangoni, ndani ngazi za mawe zilizolainishwa na nyayo. Siku hizi kila nyumba ina bafu, lakini mablanketi bado yanafuliwa pale, bibi harusi bado anakogeshwa pale, na mwanamke aliyetimiza arubaini ya uzazi bado anapelekwa pale. Alyaa mwenyewe alijifunzia kupiga mbizi mle, na Bibi akimshika nywele. Lakini kazi iligawanywa, yeye akapewa upande wa mashariki, wanaume wakachukua magharibi, na kwa ile raha ya kuvipa vichochoro majina hakwenda hata siku moja kutazama wenzake wameandika nini.

"Mie nilipokuja hapa nilikuwa bubu," alisema Bibi. "Nikiamkiwa nacheka, nikitukanwa nacheka. Siku ya tatu nikaingia mle na nguo zangu, wanawake wote wakanyamaza. Turkiya, Mungu amrehemu, akanivuta mkono akanikalisha jiwe la juu, penye maji safi, akanipa sabuni yake. Akanyanyua sabuni: saabun. Akashika maji: maay. Kila siku maneno matano. Kiarabu changu chote nimekitoa mle, wallahi, hata cha kugombana." Alivua miwani akaifuta. "Wakipavunja hapo, mwanangu, watakuwa wamevunja pale nilipozaliwa mara ya pili."

Alyaa aliifikiria tingatinga ya manjano iliyoegeshwa tangu juzi penye mlango wa kijiji. Kazi ya maegesho ilikuwa ianze Jumapili.

Akampigia simu Laith, mhandisi wao, kijana wa Kiomani ambaye mama yake alikulia Bujumbura, na Kiswahili chake kilikuja na mizigo yake yote ya bara.

"Alyaa, tuliuliza," alisema Laith. "Mzee Hood wa kamati alitutembeza mwenyewe. Tulipofika pale akasema hakuna kitu. Muatasim, mpimaji mwenzio, akaandika hakuna kitu. Sistimu haikubali kuongeza kituo mpaka kuwe na picha, au kamati ya kijiji isaini. Na deadline ni Alhamisi, siwezi kuisogeza hata saa moja."

"Nitakuletea."

"Utaniletea nini?"

Hata yeye alikuwa hajui, lakini alichokuwa nacho hakikuwa hofu peke yake. Ni mara ngapi mtu anapata kupigania kitu akiwa na kipimio mkononi?

Jumatano asubuhi alikwenda majaza na Bibi. Alipima kuta, akahesabu ngazi, akaandika wanawake kumi na tisa walioingia kabla ya adhuhuri. Alipotoa simu apige picha, wote kumi na tisa walimgeukia.

"Picha hapana," alisema mmoja, mikono imejaa povu. "Kuta hizi hazijatazamwa na mwanamume tangu zisimame. Leo uzitie kwenye simu, kesho zitazamwe na Maskati nzima?"

Basi ikabaki saini. Alyaa alimfuata Mzee Hood, mwenyekiti wa kamati, mtu wa miaka sabini na ushei, ndevu nyeupe na fimbo yake, akamkuta akipunga upepo barazani kwake.

"Ammi Hood, kuna majaza ya wanawake pale chini ya msikiti."

Mzee alitazama mitende. "Sijaona kitu pale."

"Umekaa hapa miaka sabini, Ammi."

"Na miaka sabini sijaona," alisema Mzee Hood, na Mungu shahidi, hakusema uwongo. Tangu avuke utoto hakupata kugeuza macho upande ule. Hivyo ndivyo alivyofunzwa, na baba yake kabla yake: mambo ya wanawake hayatazamwi, hayatajwi, hayatiliwi saini. Alikuwa mwema kupita kiasi, na wema wake ulikuwa unakwenda kupabomoa mahali pa watu.

Alyaa alirudi nyumbani karibu kulia. Bibi alimtilia kahawa.

"Mficha uchi hazai," alisema Bibi. "Waone haya sasa, halafu wake zao wakafue mablanketi kwenye sinki."

Baada ya sala ya alasiri Alyaa alifungua kompyuta yake, kwa kutojua la kufanya tu, akaanza kuzipitia njia zilizorekodiwa. Kila mpimaji alikuwa na kifaa kidogo mfukoni kinachoandika na kutuma papo hapo kila anapokanyaga, na Mzee Hood naye alipewa kimoja wiki aliyowatembeza. Aliziwasha njia za Muatasim, zikajitandaza kwa rangi nyekundu. Akaziwasha za Laith. Akaziwasha za mpimaji wa tatu, Hazim. Mwisho akaziwasha za Mzee Hood.

Kikombe kilibaki hewani.

Mistari yote ilikuja imenyooka kandokando ya falaji mpaka penye ukuta wa bustani. Pale, wote, bila ya mmoja kukosa, walipinda kulia, wakazunguka nyuma ya mitende, wakarudi falajini baada ya kuzunguka hatua tisini. Alihesabu safari ishirini na tatu. Katikati ya mizunguko ile pakabaki tundu jeupe, na tundu lile lilikuwa na kuta tatu na upande wa mlango.

"Bibi," alisema, "njoo uone. Wamepachora. Wamepachora wenyewe kwa miguu yao."

Bibi alitazama kwa muda mrefu. Kisha alicheka, akacheka mpaka mtandio ukamvuka.

Alhamisi asubuhi kamati ilikaa sabla, wazee watano na makanzu yaliyonyooshwa, muhuri katikati ya zulia. Laith alikaa upande mmoja na Muatasim. Alyaa alikaa karibu na mlango na kompyuta yake, na kando yake Bi Fakhriya, ambaye hakualikwa na mtu na hakuna aliyethubutu kumuuliza. Yote yaliyosemwa yalisemwa kwa Kiarabu, mie nakupeni kwa Kiswahili.

Alyaa aliirusha ramani ukutani kwa projekta, weupe wake wote na maegesho yake arubaini. Halafu, mmoja baada ya mmoja, akaiwasha mistari.

"Ammi Hood," alisema, "karatasi inasema hapa ni uwanja mtupu. Hapana ukuta, hapana shimo, hapana mbwa mkali. Kukata moja kwa moja ni hatua thelathini. Kwa nini watu wazima wanne wanazunguka hatua tisini juani, mara ishirini na tatu?"

Mzee mmoja alichekea ndani ya ndevu zake. Muatasim alikuwa akivichunguza viatu vyake kana kwamba amevinunua leo.

"Mimi nimepinda mara mbili," alisema Laith polepole. "Hakuna aliyeniambia nipinde. Niliona pazia, miguu ikaenda yenyewe. Halafu nikakaa ofisini nikaandika hakuna kitu."

"Hiyo ni heshima, binti," alisema Mzee Hood.

"Najua, Ammi, na sisi tunaishukuru. Lakini tingatinga haina haya. Jumapili haitapinda."

Mzee Hood aliitazama ile mistari ukutani. Wa kwake ulikuwa wa kijani, na ndio uliozunguka mbali kuliko yote.

"Andika," alisema mwisho. "Nitatia saini."

Alyaa angeweza kuruka. Alijaza aina ya kituo, akajaza vipimo, akajaza watumiaji, na ndipo kompyuta ikakataa. Palikuwa na nafasi moja tupu.

"Inataka jina," alisema.

Wanaume walitazamana. Miaka sabini na hakuna aliyejua kama mahali pale pana jina. Alyaa alimgeukia Bibi, na kwa mara ya kwanza siku hizo tatu alimwona Bibi amesita.

"Lipo," alisema Bi Fakhriya. "Wanawake tunalitumia kila siku. Lakini si jina la kutajwa mbele ya wanaume. Hood, uniwie radhi."

"Sema, Umm Yaarub," alisema Mzee Hood, akimwita kwa jina la mwanawe kama adabu inavyotaka.

"Majaza ya Turkiya."

Fimbo ya Mzee Hood ilianguka juu ya zulia. Turkiya alikuwa mama yake. Miaka thelathini tangu afariki hakuna mwanamume aliyelitamka jina lake hadharani, wala mwanawe hakupata kulitamka, kwa kuwa mama wa mtu hatajwi barazani. Na muda wote huo, nyuma ya kuta ambazo mwanawe hakuzitazama, wanawake walikuwa wakilitaja asubuhi na jioni.

"Kwa nini yeye?" aliuliza.

"Alikuwa akiwapokea wageni," alisema Bibi. "Alinipokea mie. Alinipa jiwe la juu."

Mzee akajivuta mpaka kwenye kompyuta, akaomba miwani ya Bi Fakhriya, akaivaa. Kidole chake kilitafuta herufi moja moja. Alipomaliza alilisoma kwa sauti, lote, jina la mama yake na la baba wa mama yake, mbele ya wazee wanne, wapimaji wawili na wanawake wawili, na sauti yake haikutikisika mpaka neno la mwisho. Akatia saini. Akaupiga muhuri kwa mkono wake, akaokota fimbo, akatoka.

Laith aliguna. "Ameondoka na kifaa chetu mfukoni. Tangu wiki ile hajarudisha."

Alyaa alitazama ukutani. Nukta ya kijani ilikuwa imetoka sabla, ikiteremka taratibu kando ya falaji. Ilipita msikiti. Ilipita wanapooga wanaume. Bibi alimshika mkono. Nukta ilifika kwenye ukuta wa bustani, ikasimama pale kwa muda mrefu kuliko mzee anavyohitaji kupumzika.

Halafu ikapinda kulia.