Batri ya Mama Valérie

Siku ile mjinga alikuwa Tshiamala, na hata leo ukimuuliza hakatai. Anachobishia ni ukubwa wa ujinga wenyewe tu.

Ilikuwa mwaka wa tisini na tatu, watu wenye asili ya Kasai walipofukuzwa Kolwezi, mji wa migodi wa Wakatanga. Walitolewa kazini, wakatolewa majumbani, wakajazana kwenye uwanja wa gare kungoja treni ya kuwapeleka "kwao", mahali ambapo wengi hawakuwahi kupaona. Tshiamala alizaliwa Kapata, kwenye nyumba za wafanyakazi. Alikuwa akiendesha mashine ya kuchimba kwenye mgodi wa Mashamba, mpaka asubuhi moja akakuta mtu mwingine amekalia kiti chake. Hata hapo hakuacha utani: alimwambia yule mtu breki ya kushoto ina kiburi, aibembeleze.

Lakini gare ilianza kumkausha maneno. Mkewe Kanku alikuwa ametangulia na mtoto wao mwenye homa, katika treni iliyobakiza nafasi moja tu, juu ya magunia. Angeshuka Luputa, au Mwene-Ditu, au mbele zaidi. Popote mtoto atakaposhindwa kuendelea. Waliagana hivi: akishuka, Kanku atapeleka tangazo radioni, lisomwe saa sita mchana pamoja na matangazo ya misiba. Tshiamala akilikosa, basi atashuka kila kituo akiulizia mke kama mtu aliyepotelewa na mbuzi.

Radio yake ilikuwa kubwa, ya mabwe manane, ndivyo Kolwezi wanavyoita betri kavu. Na mabwe yalikuwa yamechoka. Yakichoka, kila mtu anajua dawa: unayaanika juani kama muhogo, yanapata pumzi ya habari moja ya mwisho. Lakini yalikuwa majira ya mvua, na jua nalo lilikuwa kama limefukuzwa pamoja nao. Basi Tshiamala akayapanga kuizunguka mbabula, lile jiko la makaa, ndani kabisa chini ya turubai walimolala watu na mizigo yao.

"Tata Tshiamala! Toa bile bintu karibu na moto!"

Aliyesema ni Mama Valérie, mjane aliyekuwa na baa kule Kapata. Kutoka kwenye baa hiyo aliokoa batri ya gari, iliyokuwa ikipiga muziki umeme ukikatika, na beseni alilolijaza mchanga mara tu walipofika gare. Batri watu waliielewa. Beseni walilicheka, na Tshiamala ndiye aliyecheka kuwashinda wote. Kila asubuhi alipita pale akainamisha kichwa na kuuliza kama marehemu aliyezikwa humo amelala salama.

"Mama," akajibu sasa, "mi niliendesha mashine ya kumeza lori. Kabwe kadogo kama haka katanifanya nini?"

Kabwe kakajibu kenyewe. Paa! Kakapasuka, kakatupa makaa nje, na kaa moja likatua juu ya godoro la sponji, likaanza kutoa moshi mweusi. Watu wakapiga mayowe, kila mtu akarukia sanduku lake. Mama Valérie hakupiga yowe. Alikuja na beseni lake, akalimwaga lote juu ya godoro, akakanyagakanyaga, akaisukuma mbabula nje kwa mguu. Ndipo akamtazama Tshiamala.

"Marehemu ameamka," akasema.

Turubai zima likacheka, na Tshiamala naye. Kisha kicheko kikamfia mdomoni. Saa ya matangazo ilikuwa imekaribia, na radio yake haikuwa na pumzi. Alisimama pale akiikumbatia kama mtoto, akiona aibu kuomba.

"Leta," Mama Valérie akasema. "Radio haina kosa."

Batri yake haikulala ndani na watu. Ilikaa nje penye upepo, juu ya ubao, chini ya kipande cha bati, na mwenye sigara hakuruhusiwa kuikaribia. Ikiisha nguvu, Mukalay, jirani yake wa zamani, Mkatanga halisi asiyefukuzwa, aliificha chini ya gunia la makaa kwenye baiskeli, akaenda kuichaji nyumbani kwake na kuirudisha, wenye kunung'unika wanung'unike. Mama Valérie akapangusa vichwa vya batri. Akapitisha vidole kwenye waya mzima, akapata palipochubuka, akapafunga kwa mpira wa baiskeli. Nyekundu kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi, bila haraka, huku Tshiamala akichezesha miguu kama mtu aliyebanwa na haja. Yeye alizoea kuipiga mashine teke ili iwake. Hakuwahi kuona waya ukiheshimiwa namna ile.

Radio ikaunguruma. Mara akatokea Badibanga, fundi cherehani mwenye sauti ya mnadani, na redio-kaseti yake kwapani.

"Mama, funga na yangu! Tutapitisha waya chini ya mikeka, batoto bacheze."

"Moja moja, Tata. Na chini ya mikeka, hapana. Waya ukikanyagwa unachubuka, unaleta moto."

"Lakini Mama..."

"Shhh!" Tshiamala akawakatiza, sikio kwenye radio.

Msomaji wa radioni alimaliza misiba, akakohoa. Kisha: Tshiamala, aliye kwenye gare ya Kolwezi, anajulishwa kwamba mke wake Kanku ameshuka Luputa. Mtoto amepona. Wanamngoja.

Tshiamala akakaa kwenye matope. "Luputa," akasema. "Munasikia? Luputa!" Akainuka, akamkumbatia Mama Valérie, akataka kuibusu na batri yenyewe.

"Acha, asidi yake inauma," Mama Valérie akamvuta.

Badibanga hakungoja hata machozi ya mwenzake yakauke. "Basi habari imekwisha! Nyumba balikamata, kazi balikamata. Sasa na waya tunakataliwa? Na nani? Na mwenzetu! Kwani Mama, weye njo shefu, mkubwa wa gare?"

Wachache wakaguna kumuunga mkono. Tshiamala akaenda kusimama kati ya Badibanga na batri. Mama Valérie alikuwa amechuchumaa, anajaza mchanga upya kwenye beseni. Hakuinua kichwa.

"Tata Badibanga, batu ba kutufukuza tuko nabo ba kutosha. Moto, mi siupatii hiyo kazi."