Pango Tulilolisafisha

Mimi ndiye niliyelisafisha pango. Wasisingiziwe wengine.

Kila kiangazi, visima vya bondeni vilipokauka, sisi wafugaji wa mbuzi wa Kondoa tulihamia pango la mlimani, lenye chemchemi isiyokauka. Mvua ikinyesha, tunashuka. Mwaka 1951 serikali ya Waingereza ikataka kuufanya mlima ule msitu wake, ikadai hakuna mtu aliyewahi kukaa pale. Mume wangu Hasani akabisha mpaka akaahidiwa mtaalamu wa mambo ya kale. Akikuta dalili za watu wa zamani, tutaachiwa pango.

Basi mgeni anakuja, tena mzungu! Nani atamkaribisha kwenye majivu na mavi ya mbuzi? Nikawaita wifi zangu, tukachimba kwa majembe siku tatu hadi kwenye mwamba. Majivu yalikuwa tabaka juu ya tabaka, na ndani yake mifupa, vijiwe vikali kama visu, na shanga za maganda ya mayai ya mbuni. Vyote tukavitupa korongoni. Kisha tukasiriba sakafu kwa samadi na udongo mwekundu, ikapendeza. Nilijiona mwanamke hasa.

Mtaalamu alipofika, aliinama, akagusa sakafu. Mkalimani wake, Shaaban, akaniuliza, "Shemeji, uchafu wa humu uko wapi?"

"Tumeutupa. Kwani sisi washenzi?"

"Huo uchafu ndio aliokuja kuutazama."

Nilikimbia korongoni, nikarudi na kanga imejaa shanga na mifupa. Mzungu akatikisa kichwa.

"Anasema vilikuwa na maana vikiwa mahali pake, kila kimoja kwenye jivu lake," Shaaban akatafsiri, macho chini. "Sasa vingeweza kuwa vimeokotwa popote."

Nilitamani kummwagia vyote usoni. Hasani amezaliwa mle pangoni, na mama yake yu hai, anashuhudia. Neno lake halikutosha, ila majivu ndiyo yangetosha!

Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Sisi hatukupona. Kiangazi kilichofuata, askari wa msitu alisimama na bunduki kwenye njia ya mlimani, mbuzi wakalia kiu bondeni. Hasani akawa anawachinja mmoja mmoja kabla hawajafa kibudu, ananiletea nyama.

"Pika, mama Tabu," ananiambia kwa upole.

Hakunilaumu hata siku moja. Afadhali angenitukana.