Yai la Pembeni

Usiku wa jana niliota mimi ni yai la mbuni. Sikushangaa. Kilichonisumbua ni nafasi yangu tu, kwani nilikuwa pembeni mwa kiota, na pembeni ndiko mbweha anakoanzia kula.

Katikati yamekaa mayai manne. Nawajua kwa sauti: ni Esekon na wadogo zake, watoto wa kuzaa wa mama aliyenilea. Mama yangu mimi, mke mwenzake, alifariki nikinyonya. Miaka thelathini nimekula sahani moja na hao wanne, wala sijathubutu kumuuliza mama kama ananipenda sawa nao. Naogopa jibu.

Mbuni jike anakuja kukagua. Amevaa shanga za mama, na safari hii shingo inatosha kuzivaa zote.

"Nani amekutaga?" ananiuliza.

"Mwenzako."

"Nilijua. Wangu nawatambua kwa vitundu vya ganda."

"Kanuni ni wazi," mchanga unadakia. "Wake katikati, wa wenzake pembeni."

"Wewe ulitaga lini?" jike anauuliza.

Mchanga unajimwaga kando.

Mara kiota kimekuwa ofisi ya chifu isiyo na kuta. Kanuni imetundikwa palepale ambapo ukuta ungekuwa. Mbweha amekaa kwenye benchi, kitambaa kifuani.

"Nimeagiza la pembeni," anasema kwa adabu. "Sina haraka."

Jike anaisoma kanuni. Ananitazama. Kisha anaangusha bawa la kushoto, analikokota vumbini na kuchechemea mbele ya mbweha kama aliyevunjika. Mbweha anasimama. Nani ataacha mbuni mzima kwa ajili ya yai moja? Anamfuata, na jike anamvuta mbali, mbali, mpaka wote wawili wanapotea nyikani.

Wale wanne wanalia. Mimi nalia kuwazidi, maana najua amekimbia kwa ajili ya nani.

Nikaamka. Nilimkuta mama mekoni akikoroga chai kwa mkono wa kulia, na yeye siku zote hutumia wa kushoto.

"Mkono una nini, mama?"

"Nimeulalia vibaya. Kunywa chai, Ekal."

Miguu yake ilikuwa na vumbi jekundu hadi magotini.

Nilikuwa na swali langu la miaka thelathini. Sikuliuliza. Nilileta karai la maji, nikapiga magoti, nikamwosha miguu, naye hakuuliza kwa nini.