Kaseti ya Nne ya Umeme Mbili

Ndaya alikuwa anatwanga sombe, majani ya muhogo, pale binti yake Déborah alipomletea simu, amsikilizishe wimbo uliokuwa unachezwa kwenye kila sherehe ya vijana wa Kindu. Ndaya aliacha mchi kinuni. Sauti ile ilikuwa yake, na wimbo ule hakuwahi kuuimba.

Déborah alisema simu imeandika Umeme Mbili, kaseti ya nne, mwaka 2001. Ndaya akakataa. Kaseti zilikuwa tatu, na namba zake aliziandika mwenyewe kwa kalamu nyekundu.

Mwaka 1997 wanamuziki wa Umeme Mbili walikuwa watu wawili tu: Ndaya, binti wa fundi wa reli aliyetoka Kasai, na Idrissa, mtengeneza redio wa Alunguli, ng'ambo ya mto Lualaba. Ndaya alipiga kinanda cha umeme na kuimba. Idrissa alirekodi kishindo cha magurudumu ya treni, akakikatakata na kukirudia hadi kikawa ngoma. Wazee walisema hiyo ni mashine mbovu; vijana wakacheza mpaka viatu vikaachia soli. Kaseti zote tatu zilitoka ndani ya miezi kumi na minne, na mabaharia wakazifikisha mpaka Ubundu.

Vita vikafika mwaka 1998. Idrissa alivuka mto kwa mtumbwi na kinanda chao, akamwambia Ndaya amfuate kesho yake wakimbilie Pangi. Kesho yake risasi zililia bandarini, na baba yake Ndaya akamfungia chumbani. Baadaye msafiri mmoja akaleta habari kwamba Idrissa amekufa kwa homa. Ndaya alilia, akaolewa, akawa mwalimu, hakugusa kinanda tena.

Sasa aliusikiliza wimbo mara ya tano. Katikati sauti yake ilisema wazi kwamba anakuja: "Idrissa, niko nakuya." Akaanza kuogopa kwamba vita vilimmezea mwaka mzima, kwamba alikwenda Pangi akasahau. Alimwuliza dada yake Bernadette, aliyelala naye chumba kimoja miaka yote ile, naye akamhakikishia hakutoka Kindu hata siku moja. Jibu hilo lilizidi kumchanganya.

Déborah aliulizia wimbo umetoka wapi, akaambiwa ni kwa mzee mmoja wa Pangi anayetengeneza redio. Jumamosi wakavuka mto, wakapanda pikipiki kutwa nzima.

Idrissa alikuwa mbele ya kibanda chake, kichwa mvi tupu, bisibisi mkononi. Alimtazama Ndaya, akamtazama Déborah, akarudi kwa Ndaya, kama mtu asiyejua yupi ni yupi.

"Waliniambia ulikufaka bandarini," alisema.

"Na miye waliniambia ulikufaka njiani."

Hawakujua nani alianzisha habari zile, wala kama watu walidanganya au walichanganya majina tu.

Idrissa akaeleza. Alikimbia na kaseti zao za mazoezi. Kwa wembe alikata maneno ya Ndaya moja moja kwenye utepe, akayaunga kwa gundi, miaka miwili. Jina lake mwenyewe alilipata pale Ndaya alipokuwa anamgombeza kwa kuchelewa.

"Umenisemesha neno sikusema," Ndaya alisema.

"Nilijua umekufa. Na ulikuwa utakuya?"

Ndaya alitaka kukasirika, akajikuta anacheka, kisha hakujua anacheka nini. Alimwambia Idrissa kwamba baba alifunga mlango. Akaongeza kwamba dirisha lilikuwa wazi. Kwa nini hakupita pale, mpaka leo hajui.

 Idrissa aliingia ndani akatoka na kile kinanda, vibonyezo vitatu vimekufa, akamwekea mapajani. Vidole vya Ndaya havikukumbuka pa kuanzia. Alipofungua kinywa, sauti ilitoka nzito, ya mama mtu mzima, haifanani hata kidogo na ile ya kwenye simu. Idrissa akaanza kupiga meza kwa bisibisi, mwendo wa treni.

Déborah alinyanyua simu arekodi, akauliza aandike jina gani, Umeme Mbili au lingine. Ndaya alimtazama Idrissa, Idrissa akatazama chini. Basi Ndaya akamwambia Déborah arekodi tu, jina wataliona baadaye.