Kigae cha Mlango wa Nyuma

...haina kazi, anasema dalali, nyumba hii haina kazi kabisa, anawaambia wale wawili aliokuja nao, kijana na mkewe mwenye mimba, hakuna bustani ya kupalilia, hakuna rangi ya kupaka kila mwaka, madirisha ya alumini, vigae mpaka uani, ukishapiga deki asubuhi umemaliza, na mimi nimesimama jikoni nimewapa mgongo, nangoja birika lichemke, ndiyo, haina kazi, marehemu mume wangu alihakikisha, fundi vigae mzima, akasema umelima tangu utotoni mke wangu, sasa mikono ipumzike, akaifunika ardhi yote, hata palipokuwa na mchicha wangu, haya, mikono ikapumzika, masikio je... "Mama, wanauliza kama nyumba ina tatizo lolote," dalali huyo, mdomo asali, jana kwenye simu kanionya, mama usiongee sana, na binti yangu naye kila siku uza mama, uje tukae wote, unaongea na kuta huko, nikijibu vizuri wananunua, nikijibu vibaya wanaondoka, tatizo... nitaanzia wapi, kuna kigae, kimoja tu, hapo mlango wa nyuma, ukikikanyaga kinalia ko, chini kitupu, yeye aliyekuwa akigonga vigae vya mafundi wenzake kwa sarafu na kuwacheka mchana kweupe, kwake mwenyewe akaacha kigae kinalia, mganga hajigangi, nilicheka mpaka nikakaa chini, akanuna, akaleta patasi aking'oe, nikamwambia thubutu, kiache, nitajua umeingia, basi kila jioni ko, nami bila kugeuka, umerudi? naye, nimerudi, hayo ndiyo yalikuwa mapenzi yetu, miaka yote hiyo, hatukujua mengine... na jioni tuliyotoka kumzika, sebule imejaa watu, mimi hapa hapa kwenye sinki, ko, nikasema umerudi? kimya, nikageuka, mlango umefungwa kwa komeo, na tangu siku hiyo kila jioni, binti anasema ni saruji mama, joto likipungua inajikunja, sawa, amesoma, lakini saruji gani inajua saa ya mtu kutoka kazini, na wala simwogopi, nimwogope mume wangu? kinachoniua ni kwamba hajibu, nauliza hajibu, na nyumba yenyewe haina hata jani la kung'oa nijisahaulishe, na nikiuza, akija jioni asikute wa kumuuliza, maskini, atasimama hapo mlangoni mpaka lini... huyu kijana anagonga ukuta, anauliza maji yanatoka kila siku? dalali anaapa, mkewe sijui kapitia wapi kwenda uani kuangalia pa kuanikia nguo, birika nalo linaguna tu... ko... "Umerudi?" Mungu wangu, limenitoka, mbele za watu... "Nimerudi, mama," sauti changa, wala hajashangaa, nywele zimenisimama, hakuna aliyenijibu tangu azikwe, hakuna, nageuka ni yeye, binti wa watu, anakitazama kigae, anakikanyaga tena, ko, anacheka, mumewe anasema hicho tutaking'oa, naye, "Kwani kinakuomba chakula? Kiache bwana," na haki ya Mungu nimeona wivu, wivu mchungu kabisa, kama kanikuta chumbani kwangu, halafu wivu ukapita, sijui umeenda wapi... "Mama?" dalali kanikodolea macho, "tatizo lolote?" na birika bado, wananitazama wote watatu, hakuna, nitasema hakuna, ila wewe binti, wewe ndiye nitakayekuvuta pembeni nikwambie, jioni ukiwa hapa kwenye sinki ukasikia ko, na mumeo yuko ndani tayari, usigeuke, muulize tu, umerudi? asipojibu usimkasirikie, mwambie mkewe kahamia kwa binti yao.