Pembe ya Kola

Niseme wazi tangu mwanzo: sikumpokea Shingo kwa moyo mweupe. Nilimwona akishuka garini mbele ya chumba chetu cha ushonaji, miwani nyeusi usoni, na nyuma yake binti amebeba kamera. Shingo ndiye mwimbaji wa ile bendi ya roki ambayo mpaka leo watoto wanavaa fulana zenye sura zao. Kaka yangu ndiye aliyekuwa mpiga dramu wao wa kwanza. Tulimzika miaka tisa iliyopita, na Shingo hakuja. Alituma shada la maua. Shada!

"Shikamoo Mama," alisema, akimwinamia mama yangu kitini.

"Marahaba, baba. Umenenepa, au ni macho yangu haya mabovu?"

Alicheka, akatoa albamu mkobani. Albamu yao ya kwanza, ile iliyowapa jina, ilikuwa inatimiza miaka thelathini. Wameisafisha na wanaitoa upya. Alitaka Mama aisikilize, kisha aseme maneno mawili mbele ya kamera. "Watu wajue ilizaliwa humu, Mama. Baraka zako tu."

Hilo la kuzaliwa humu ni kweli. Walikuwa hawana studio, na majora ya vitambaa yaliyopangwa ukutani yalimeza mwangwi vizuri. Lakini wiki ile Mama alikuwa na sare za shule nzima za kumaliza kabla ya Jumatatu, akawaambia bila kupepesa macho: "Rekodini mpendavyo, ila cherehani yangu haisimami." Kaka alikaa ubavuni pake na dramu zake. Mwanzoni walipigana, yeye na cherehani, kisha akaona heri aufuate mguu wa mama yake. Mshono ukinyooka, naye anakimbia. Mama akifika kwenye pembe ya kola, anapunguza, anasimama, anageuza kitambaa, ndipo anaendelea. Kaka naye anapunguza, anamngoja, wanaondoka pamoja.

Wajuzi wa muziki waliandika kurasa na kurasa juu ya mdundo ule unaopumua. Sisi tulijua ni sare za shule. Kila Jumapili mchana Mama huweka kanda yake ya zamani ya albamu hiyo, akafumba macho, akawa ananionyesha: "Hapa kola. Hapa pindo la sketi. Hapa uzi ulikatika." Hayo ndiyo mazungumzo yake na mwanawe tangu tulipomzika.

Shingo aliweka wimbo wa kwanza. Sauti ilikuwa safi, sikatai, gitaa linang'aa kama sahani iliyooshwa. Mama alianza kugonga goti kwa kidole. Ubeti wa kwanza ulipoelekea mwisho, kidole kilisimama kungoja. Dramu hazikungoja. Kidole kikajaribu tena, kikapotea tena.

"Zima," alisema Mama. "Nani anapiga?"

Shingo alijikuna kisogo. "Ni mpiga dramu wetu wa sasa, Mama. Unajua, zile za zamani zilikuwa zinayumba. Mafundi walisema mapigo hayakai sawa. Tumezipiga upya dramu tu. Jina la marehemu lipo, kwenye shukrani."

"Na ile ya zamani?" niliuliza.

"Hiyo tunaiondoa, dada. Mtu akitafuta albamu ataipata hii. Ndiyo itakayobaki."

Damu ilinichemka mpaka nikasahau kwamba nina mkasi mkononi. "Zinayumba? Ulipokuwa huna hata pa kulala, ukalala juu ya majora yetu haya, hazikuyumba? Zimekufikisha ulipofika, leo ndiyo zimeanza kuyumba! Umemfuta mtu, halafu unakuja kumwomba aliyemzaa akubarikie?"

"Dada, usilichukulie hivyo. Sisi tunampenda Mama."

"Unampaka mafuta kwa mgongo wa chupa! Mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni. Yule haki yake ni dramu zake, si shukrani za maandishi ya sisimizi!"

"Mwanangu, punguza sauti," alisema Mama. "Binti, washa kamera."

Nilitaka kulia kwa hasira. Namjua mama yangu. Hajawahi kumrudisha mgeni mikono mitupu, na nilijua atasema lile neno zuri, nao watalitembeza dunia nzima.

Aliniomba shati lililobaki kushonwa kola. Nikampa. Akaenda akipapasa meza mpaka kwenye cherehani yake ya miguu, akaketi, akaweka kitambaa chini ya sindano. Macho yake hayaoni vizuri, lakini vidole havijasahau. "Haya, baba. Weka tena wimbo wako."

Mwanzo, kwenye mshono ulionyooka, mguu na dramu vilikwenda pamoja. Shingo alianza kutabasamu, akamwashiria binti asogeze kamera. Ndipo Mama akafika kwenye pembe. Mguu ukapunguza, ukasimama. Akageuza kitambaa taratibu, sindano ikiwa bado imezama ndani. Dramu zilimpita. Alipoondoka tena zilikuwa mbali, na kwenye pembe ya pili zilimwacha kabisa. Tabasamu la Shingo lilikuwa limekwisha.

Mama aliondoa mguu. Akakata uzi, akainua kola ile, pembe zake zote mbili zimekaa sawasawa. Hakuitazama kamera. Aligeukia upande aliokuwa amesimama Shingo.

"Mwanangu angenisubiri," alisema.

Dramu ziliendelea kugonga peke yao mpaka nilipokwenda kuzizima mwenyewe.