Tangi Likikaribia Kukauka

Mama mmoja wa makamo, ambaye hakuna mtu pale gereji aliyewahi kumwona, aliingia bila kubisha hodi. Akapita katikati ya mafundi, akaruka kidimbwi cha oili, na kukibwaga kiti cha mtoto, kile cha kufunga kwenye gari, juu ya kaunta ya mapokezi. Kikombe cha chai kiliyumba. Kadogo alikidaka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Salamu nimepokea. Sasa niitie mkubwa wenu."

Kadogo, msichana pekee pale gereji, ndiye aliyekaa mapokezi. Alikuwa mrefu kama mlingoti, lakini jina hilo alipewa na kaka yake, mwenye gereji, tangu angali anatambaa, na likamganda.

"Niambie mimi kwanza, mama. Ni gari gani?"

"Lile pale nje, la viti vya safu tatu, la rangi ya majivu. Kila likija hapa mnalirudisha mnasema zima. Jana limetuzimikia kwenye mlima wa daraja, lori liko nyuma yetu linapiga honi kama limeona mzimu. Mjukuu wangu alikuwa amefungwa kwenye kiti hiki. Nimekuja nacho mkione, maana naona watu hamuwaoni."

Fundi aliyekuwa chini ya gari jingine aliacha kugonga.

Kadogo alilikumbuka gari, na zaidi alimkumbuka mwenyewe: mwanamke mpole aliyejieleza kwa sauti ya chini, kama anaomba radhi kwa kuwa na gari. Kaka mtu alikuwa akimjibu, "Dada, gari ni zima, wewe ndiye unakanyaga vibaya." Mafundi wakampa jina. Mama Zimazima.

"Yule dada ni..."

"Ni mkwe wangu. Na usinitolee macho hivyo. Hata mimi nilisema hajui kuendesha, nikamcheka mezani mbele ya wanawe. Mwanangu akamnyang'anya funguo, kasema watoto hawapandi tena gari na mama yao. Mtoto wa watu sasa anatembea ndani ya nyumba yake kama mgeni. Jana mwanangu kaondoka, nikazichukua funguo, nikamwambia mkwe, haya, endesha nione. Mguu wake nilikuwa nauangalia hivi. Ulikuwa pale pale, unakanyaga, na gari likakata roho. Nimemwambia mwanangu, anasema, mama nawe umezeeka, mnateteana."

Kaka mtu alitokea stoo akijifuta mikono kwa tambara. Alikuwa amesikia ya kutosha.

"Hilo gari tumelipima, mama. Mafuta yanapanda vizuri. Pampu ni mpya, nimeifunga kwa mkono wangu."

"Mkono wako ni huo unaoninyooshea puani?"

"Ugonjwa wa gari hilo nawaambia kila siku. Umeshika usukani."

Mafundi wakaangua kicheko. Mama yule aliwageukia mmoja baada ya mwingine, taratibu, mpaka vicheko vikawakauka midomoni.

"Lipime tena. Mimi nikiwa hapa hapa."

"Haya!" Kaka mtu alipiga makofi. "Leteni dumu, mimineni."

Hiyo ndiyo ilikuwa desturi ya gereji ile tangu enzi za marehemu baba yao. Gari la mteja, kabla halijaguswa, linamiminiwa mafuta. Mzee alikuwa akisema gari haliwezi kuja kwake na kiu likashinda na kiu. Wateja waliipenda, na Kadogo mwenyewe aliipenda. Lakini fundi alipoinua dumu, maneno yale ya mwanamke mpole yalimrudia, yale aliyoyasema pale pale kaunta na hakuna aliyeyatia maanani.

"Mama, jana lilipozima, mshale wa mafuta ulikuwa wapi?"

"Chini kabisa. Taa imewaka, na jua linaunguza kama pasi. Tulipokaa kivulini likawaka lenyewe. Mkwe anasema ndivyo lilivyo siku zote, tangi likikaribia kukauka. Kwani hakuwaambia?"

Alikuwa amewaambia. Pampu ile hukaa ndani ya tangi, na mafuta yanayoizunguka ndiyo yanayoipoza. Hakuna aliyekuwa pale asiyejua hilo. Na bado, kila gari lilipokuja, wao waliimwagia kwanza mafuta ya baridi, halafu ndipo wakaiuliza kama inaumwa. Walikuwa wakimwogesha mgonjwa ndipo wampime homa.

"Kaka, wasimimine."

Dumu likabaki hewani.

"Unasemaje?"

"Tulipime hivi hivi, likiwa na kiu. Jua limeshapanda. Nitaliendesha mimi."

Kaka mtu alimshika mkono, akamvuta stoo na kuusukuma mlango kwa kisigino.

"Una wazimu? Unajua pampu za aina hiyo nimezifunga kwenye magari mangapi? Magari yote haya ya familia unayoyaona mtaani, mikono ni hii!"

"Ndiyo sababu, kaka. Ni watoto wanaokaa humo."

"Usiniletee huruma zako za vitabuni. Wenye magari wakisikia, watajaa getini hapa wote kwa siku moja. Rudi kwenye kiti chako, jibu simu."

Kadogo alirudi kwenye kaunta, uso umemshuka. Mama yule alimtazama juu mpaka chini.

"Nawe wamekuzima?"

Pengine angesema neno la upole, Kadogo angekaa na kujibu simu. Dharau ile ilimchoma.

"Nipe funguo, mama. Twende. Likizima, nitakuja kwenu mimi mwenyewe, nimwambie mwanao uso kwa uso kwamba ni pampu yetu."

"Unaahidi kwa hasira au kwa akili?"

"Kwa vyote viwili."

"Wenye maneno matamu ya kaunta nawafahamu," alisema, lakini alikuwa ameshachukua kiti cha mtoto.

Walizunguka mji. Walipita maduka ya vitambaa, shule, kituo cha mafuta ambacho Kadogo alikikwepa kama anayekwepa mdai. Joto lilijaa garini mpaka usukani ukawa haushikiki.

"Kanyaga basi! Unaendesha kama unabembeleza mtoto."

"Nakanyaga, mama."

"Mkwe wangu anakushinda. Sikujua kama ningekuja kulisema hilo."

Taa ya mafuta iliwaka. Wakaingia mlima wa daraja. Kutoka chini ya kiti cha nyuma ulisikika mlio mwembamba, kama mbu aliyenaswa sikioni, ukapanda, ukapanda, kisha ukakatika. Gari likakohoa. Mguu wa Kadogo ulikanyaga mpaka chini na hakuna kilichojibu. Usukani ukawa mzito kama jiwe, breki zikagoma kama zimenuna, na nyuma honi zikaanza. Dereva mmoja aliwapita akipiga kelele, "Rudini jikoni!" Kadogo alilisukumizia gari ukingoni kwa nguvu zote za mabega, akavuta breki ya mkono.

"Mguu wako ulikuwa wapi?" aliuliza mama yule.

"Ulikuwa unakanyaga."

"Nimeuona."

Kadogo alimpigia kaka yake.

"Limezima, kaka. Ni pampu."

"Mwambie ni mafuta machafu."

"Siyo mafuta. Nimemwahidi kwamba—"

"Sikiliza. Ukimwambia mtu yeyote nje ya geti langu kwamba ni pampu niliyofunga mimi, usirudi. Si kazini tu. Nyumbani kwangu pia usije. Mimi ndiye niliyekulea, Kadogo, si huyo bibi."

Simu ikakatwa. Mama yule alikuwa amesikia yote, maana kaka mtu hakuwahi kujua kunong'ona. Walikaa mpaka tangi likapoa, gari likawaka kwa utii kana kwamba halijafanya kitu, na Kadogo akauliza njia ya kwenda nyumbani kwao.

Mwenye nyumba alifungua geti akiwa amekunja uso.

"Mama! Funguo umechukua tena? Na huyu nani?"

Nyuma yake, mlangoni, alisimama yule mwanamke mpole. Alimtambua Kadogo, na macho yake yakaanguka chini, kama mtu anayejiandaa kutukanwa tena.

Kadogo angeweza kusema gari lina hitilafu, basi. Neno hilo lisingemtaja mtu.

"Natoka gereji," alisema. "Gari linazimwa na pampu ya mafuta, na ni sisi tulioifunga. Ikipata joto na tangi likiwa karibu kukauka, inakata. Mkeo alituambia hivyo hivyo, tukampuuza. Yeye anaendesha vizuri."

Mume alicheka kwa pua. "Na huko gereji wanajua unayasema haya?"

"Wanajua. Wameshanifukuza."

Kicheko kikaishia hapo, ingawa uso haukukunjuka. Mwanamke mpole aliinua macho.

"Rudia," alisema. "Ile ya mwisho, kabla ya kufukuzwa."

Watoto walikuwa wamejazana dirishani. Kadogo alipaza sauti ili nao wasikie.

"Mama yenu anaendesha vizuri."